Mitaro ya Mji wa Kale wa Lamu kabla ya masika: ni wajibu wa mwenye nyumba au wa kaunti?

Mwanzisha mjadala, Mkomani

Assalamu alaikum wazee wetu, ndugu na dada zangu. Ninaileta hapa hoja ambayo huzungumzwa barazani kila mwaka masika yanapokaribia, kisha husahauliwa kusi likitulia na vichochoro vikikauka. Wapo majirani wanaotaka bunge la kaunti lipitishe sheria ndogo ya kumlazimu kila mwenye nyumba katika Mji wa Kale ausafishe mtaro unaopita mbele ya mlango wake kabla ya mvua kuanza, na asiyefanya hivyo atozwe faini. Mimi naipinga hoja hiyo, nikijua kwamba wanaoiunga mkono wanaupenda mji huu kama ninavyoupenda mimi.

Mji wetu umekaa kwenye mteremko. Maji ya kuogea na kufulia ya nyumba za juu hushuka kwa mitaro ya wazi iliyo ubavuni mwa vichochoro, hukatiza Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na kuishia baharini, na mtaro mmoja huhudumia nyumba nyingi zisizojuana hata mlango. Aliye karibu na pwani, hata akifagia kila alfajiri, hupokea chupa, makapi na kinyesi cha punda kilichosombwa kutoka juu. Aliye juu naye akiusukuma uchafu kwa ufagio hadi ukapita kizingiti chake, atakuwa ameitii sheria kikamilifu. Sheria inayopima usafi wa maji yatiririkayo kwa mlango mmoja mmoja itamtoza faini yule anayeumia zaidi, na hilo halitarekebishwa kwa kupunguza kiwango cha faini, kwa kuwa kasoro imo katika kipimo chenyewe.

Tena huyo mwenye nyumba ni nani? Nyumba nyingi za mawe ni za mirathi, na warithi wametawanyika Mombasa, Nairobi na Ghuba. Nyingine ni za wakfu. Nyingine zimenunuliwa na wageni wanaokuja wakati wa kaskazi, nazo hufungwa kusi lote, yaani miezi ileile ambayo mtaro unahitaji mtu. Panapokuwa na wikio, chumba cha nyumba moja hupita juu ya kichochoro na kuegemea ukuta wa nyumba ya pili. Ningependa mtu anionyeshe mpaka wa mtaro ulio chini yake. Nina hakika kwamba mahali pengi askari wa kaunti atakayepewa notisi za kugawa ataishia kumkabidhi mpangaji, kwa sababu mpangaji ndiye atakayemkuta.

Na kazi hii ina mwenyewe tayari. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, katika sehemu ya pili, limezipa serikali za kaunti uondoaji wa takataka, majaa, na mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Serikali hizo zimekuwapo tangu 2013. Mfanyabiashara wa Usita wa Mui hulipia leseni yake kila mwaka, na hajawahi kuambiwa kwamba fedha hizo hazihusiani na mtaro.

Mtaro ulioziba haudhuru pua peke yake. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Kuta za namna hii huyanywa maji yanayotuama kwenye misingi, unyevu ukapanda, chokaa ikabanduka. Na mwenye nyumba akijaribu kuuziba unyevu kwa plasta ya saruji, huufungia ndani ya ukuta na kuongeza hasara. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa ajili ya majengo haya. Ni jambo la kusikitisha kwamba tunalinda milango yenye nakshi huku chini yake maji machafu yakilala wiki nzima.

Mchangiaji wa Langoni, mwenye nyumba za kupangisha

Waalaikum salaam, Maalim. Nimeyasoma maneno yako kwa heshima, lakini sikubaliani nawe. Katiba imeipa kaunti kazi, haikumwondolea raia wajibu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 115, inamkataza mtu yeyote kusababisha au kuacha uchafu unaohatarisha afya katika ardhi au jengo analolimiliki au kukaa. Kwa hiyo wanaotaka sheria ndogo hawabuni wajibu mpya. Wanataka uwe na tarehe na uwe na adhabu inayoeleweka.

Miji mingine imefanya hivyo kwa mambo mazito kuliko matope. Katika jiji la Chicago, Marekani, majira ya baridi yanapoleta theluji, mwenye jengo hutakiwa aiondoe kwenye njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele yake. Ikianguka kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni, iwe imeondolewa kufikia saa nne usiku. Ikianguka usiku, kufikia saa nne asubuhi. Njia iliyosafishwa inatakiwa iwe na upana wa futi tano, na faini ni kati ya dola 50 na 500 kwa siku. Watu wa huko wana shughuli zao na wazee wao kama sisi, na bado wanashika sepetu kulipokucha. Sioni kwa nini mtu wa Lamu ashindwe na ufagio.

Kumbuka pia tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini. Wengi walisema Wakenya hawatatii, na leo mifuko ile imepungua sana vichochoroni. Sheria yenye adhabu hubadilisha mazoea. Na tusisahau mwaka 2004, homa ya chikungunya inayoenezwa na mbu ilipoingia kisiwa hiki na kuwalaza watu wengi mno, viungo vikauma hata mtu akashindwa kushika kikombe. Mbu hawakutoka Nairobi. Walizaliwa humu humu mwetu.

Kuhusu nyumba zilizofungwa, jawabu ni jepesi: kila nyumba iwe na msimamizi aliyeandikishwa. Mimi mwenyewe nina wapangaji, na niko tayari jina langu liandikwe.

Mchangiaji wa Shela

Kaka zangu, nawashukuru nyote wawili. Mimi sitasema mtaro ni wa nani kabla sijauliza mkazi anapataje habari. Notisi za serikali nyingi hutufikia kwa Kiingereza, katika waraka mrefu uliotumwa kwa simu au kubandikwa ukutani kwa ofisi, na mara nyingi tarehe ya kikao cha kutoa maoni imekwisha kupita. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki. Mama anayeuza mahamri hawezi kushiriki katika jambo lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma, wala si haki kumtoza faini kwa notisi ambayo hakuisikia.

Kaka wa Langoni ametaja Chicago, nami nitaongeza jambo la hukohuko. Katika barabara kuu kadhaa za jiji hilo, kila usiku kuanzia saa tisa hadi saa moja asubuhi, hairuhusiwi kuegesha gari kutoka tarehe 1 Desemba hadi tarehe 1 Aprili, theluji ianguke isianguke. Tarehe hazibadiliki, kwa hiyo hata mtoto wa shule anazijua. Sisi majira yetu hayana siri. Kusi hushika kuanzia Aprili, mvua kubwa huja Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo nzito kuliko yote. Kwa nini hatuna tarehe moja inayojulikana, mathalani tarehe 1 Machi, ambayo kila mwaka kaunti itatangaza mtaro gani utasafishwa lini, itangaze pia gati zipi zitawekwa taa na ni nani wa kupigiwa simu bahari ikichafuka kwenye njia ya mashua ya kwenda Mokowe, upande wa bara? Itangazwe kwa vipaza sauti vya misikiti baada ya sala ya Ijumaa, redioni, na kwa wazee wa mitaa, ambao hubisha hodi mlango kwa mlango.

Na mzee asiyeweza kuinama? Hilo nalo lisemwe wazi kabla ya neno faini kutamkwa.

Mwanzisha mjadala, Mkomani

Dada wa Shela, shauri lako la tarehe 1 Machi nalichukua kama lilivyo. Ndugu wa Langoni, umeleta hoja nne, nami nitakujibu zote, ingawa ile ya theluji nitaikalia zaidi.

Jiji la Chicago humwachia mwenye jengo njia ya miguu, lakini barabara zenyewe husafishwa na magari ya jiji, usiku na mchana. Miji mingine ya baridi imeamua tofauti kabisa: Montréal na Toronto, nchini Kanada, zinaondoa theluji hata kwenye njia za miguu kwa mitambo ya manispaa. Kwa hiyo wenye majira ya baridi wenyewe hawajaafikiana juu ya jambo hili. Lililo kubwa zaidi kwangu ni kwamba theluji humwangukia kila mmoja mbele ya mlango wake kwa kipimo kimoja, na hubaki pale ilipoangukia hadi iondolewe au iyeyuke. Maji yetu hayabaki. Anayeadhibiwa kwa theluji anaadhibiwa kwa kilicho mbele yake. Atakayeadhibiwa kwa mtaro wa chini ataadhibiwa kwa kilichotupwa juu.

Juu ya kifungu cha 115, sisemi neno, ni sheria. Lakini kifungu kinachofuata, cha 116, kinaitaka mamlaka ya mitaa ichukue hatua zote halali na zinazowezekana kuliweka eneo lake katika hali ya usafi wakati wote. Hatuwezi kumsomea mkazi kifungu kimoja na kuificha kaunti kingine.

Marufuku ya 2017 ilifaulu kwa sababu ilimbana mtengenezaji, mwingizaji na muuzaji, mifuko ikakosekana sokoni. Ingekuwa ilimtaka kila mtu aokote mifuko iliyopeperushiwa mlangoni pake, tungekuwa tunaiokota mpaka leo. Ukitaka kuufuata mfano huo, tuanze na wanaouza vinywaji vya chupa za plastiki, kwa maana chupa ndizo zinazoziba mitaro yetu sasa.

Na 2004, ndugu yangu, haikuwa ya mvua. Chikungunya ilienea Lamu wakati wa ukame na joto, watu walipolazimika kuhifadhi maji nyumbani kwa muda mrefu, na mbu aina ya Aedes akazaana ndani ya vyombo hivyo. Mbu huyo hupenda maji safi yaliyotulia kuliko maji machafu ya mtaroni. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya watu wa kisiwa waliambukizwa. Basi wajibu wa kila nyumba upo, na ni mkubwa: kufunika mapipa, kusugua birika la kuhifadhia maji, kutotupa taka mtaroni, na kuweka wavu kwenye tundu linalotoa maji ya nyumba ili masalia yasipite. Haya yamo ndani ya mamlaka ya mwenye nyumba, na ukaguzi wake unawezekana. Kwa haya hata faini nitaikubali, baada ya msimu mmoja wa maonyo.

Nimebakisha jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Tope likishatolewa mtaroni huenda wapi? Vichochoro vyetu havipitishi lori. Kila mwaka vijana hujitolea, hutoa tope jingi kwa majembe na kulirundika kando, na mvua ya kwanza hulirejesha lote. Kaunti isipoweka punda wa kulibeba siku ileile hadi mahali lori linapofika, ukubwa wa faini na wingi wa mafagio havitabadilisha chochote. Kwangu hii ndiyo huduma ya kwanza inayopaswa kuandikwa kwenye tangazo la Machi.

Mchangiaji wa Langoni

Maalim, kuhusu 2004 umenifahamisha, na kuhusu punda nakuunga mkono. Lakini hujanijibu swali linaloninyima usingizi. Mkazi asipotimiza wajibu, wewe na mimi tunajua atatozwa faini. Kaunti ikitangaza tarehe 1 Machi na Mei ikafika mtaro ukiwa bado umeziba, maji yakaingia ndani mwangu, nitamtoza nani? Ndiyo maana nataka mlango wangu uwe mikononi mwangu.

Mwanzisha mjadala, Mkomani

Swali lako ni la haki. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Malindi. Najua safari na gharama zake zitawashinda wengi, kwa hiyo ningependa tuanze na njia iliyo karibu: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa mwananchi haki ya kuiandikia kaunti ombi rasmi juu ya jambo lolote lililo chini ya wajibu wake. Ombi letu liwe na orodha ya mitaro kwa majina ya mitaa, tarehe ya kusafishwa kila mmoja, na cheo cha afisa atakayeujibia. Afisa akiwa ameandikwa, tutajua wa kumwita mbele ya kikao cha wadi.

Mkomani nitaiandika mimi na majirani zangu. Ninakuomba wewe uiandike Langoni, ukianzia mitaro inayoshuka hadi ufukweni, na dada atuandikie Shela pamoja na gati.