Tupeane uzoefu: kutumia mtandao na simu za ofisi ukiwa nyumbani

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Wanaofanyia kazi nyumbani tupeane uzoefu. Kwangu VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) inashika vizuri, mafaili ya ofisi nafungua, ila simu ya ekstenshi (namba yangu ya ndani ya ofisi, inayopita kwenye intaneti) inanitesa: mteja ananisikia, mimi simsikii kabisa. Watu wa IT wanasema kwao kila kitu kiko sawa. Aliyepitia hili alilimalizaje?

Fundi Waya
Mkuu, kwanza jua kama simu inapita ndani ya VPN au nje. Ikipita nje, anza na ruta yako. Ruta nyingi zina kitu kinaitwa SIP ALG, kimewekwa kisaidie simu za intaneti kupita lakini huchezea anwani zilizo ndani ya ujumbe wa simu, sauti ikapotelea njiani. Kizime, kisha washa ruta upya.

Mimi kwangu sauti zilisikika pande zote, ila simu nikipokea inakatika yenyewe ikigonga sekunde 32, mteja bado anaongea. Hiyo 32 ina sababu: ukipokea, pande mbili zinatakiwa kuthibitishiana. Uthibitisho usipofika, mtambo wa simu unarudia rudia kutuma ujumbe hadi muda huo, halafu unakata. Kuzima ALG kulimaliza kabisa.

Mama Ekstenshi
Yangu ilikuwa ndani ya VPN, ruta haikuhusika. Kifaa kinachopitisha sauti pale ofisini hakikuwa na njia ya kurudi kwenye anwani za VPN. Hilo ni la IT, tena wabane, maana wakijaribu wakiwa ofisini hawataliona.

Kijana wa Seva
Niongeze la mafaili. VPN inaonyesha imeunganishwa, lakini seva ya ofisi haifunguki. Ofisi inatumia anwani za mtandao zinazoanza na 192.168.1, na nyumbani vilevile. Kompyuta inaitafuta seva humo humo nyumbani! Nilibadilisha namba za ruta yangu kuwa 192.168.77, kazi ikaendelea.

Huduma kwa Wateja
Jamani, msikimbilie kununua kifurushi kikubwa. Simu moja ya kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, ni kidogo sana. Sauti inataka utulivu. Mtu akianza kupandisha video hapo nyumbani, maneno yanakatwakatwa. Mimi nimeacha Wi-Fi, nimechomeka kebo moja kwa moja, na kwenye ruta simu nimeipa kipaumbele. Kama VPN yenu inapita kwa TCP, ombeni UDP (hizi ni njia mbili za kusafirisha data, UDP haisubiri kilichopotea): kwa TCP kipande kimoja cha data kikipotea, vya nyuma vyote vinasubiri, na kwenye maongezi neno lililochelewa halina kazi tena.

Mleta mada
Asanteni sana. Simu yangu kumbe inapita nje ya VPN. Nimezima hiyo ALG, nimepiga, nasikia pande zote na simu imevuka dakika kumi. Mama Ekstenshi, ofisi inataka kuhamishia simu zote ndani ya VPN, niwaambie IT wakague nini mapema?