Ninaomba ushauri: kumpeleka binti yangu Mafia kumwona papa potwe, Juni au Desemba?

Mleta uzi, Morogoro
Habari zenu, wakuu. Binti yangu ana miaka 13, na tangu mwalimu wake alipowasimulia habari za papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, hana mazungumzo mengine nyumbani. Nimeweka akiba ya kumpeleka Kisiwa cha Mafia, ambako hatujawahi kufika. Kwa kuwa shule hufungwa Juni na Desemba, naomba mnisaidie kuchagua mwezi, mnieleze tufikie Kilindoni au Utende, na kama mtoto asiyejua kuogelea anaweza kumwona samaki huyo bila hatari. Mwaka juzi, mahali pengine, nahodha wa boti ya matembezi alilikimbiza kundi la pomboo mpaka likatawanyika, na binti yangu alirudi akilia. Sipendi yajirudie.

Mzaliwa wa Kilindoni
Ndugu yangu, chagua Desemba. Potwe husogea karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, uduvi wanapojaa upande huu wa magharibi unaotazama delta ya Rufiji, na mara nyingi wavuvi wetu wa dagaa ndio wa kwanza kumwona. Juni kusi huwa limeshika, bahari inachafuka, na potwe wapo kwenye maji ya mbali na yenye kina. Fikieni Kilindoni kwanza, kisha muhamie Utende kwa ajili ya matumbawe ya Ghuba ya Chole. Huko mtaingia ndani ya Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kiingilio hulipwa langoni. Kivuko cha kutoka Nyamisati, upande wa bara, hufuata kujaa na kupwa kwa maji, kwa hiyo ulizeni saa ya kuondoka siku moja kabla.

Mama wa watoto wanne
Mwanao anaweza kumwona vizuri kabisa akiwa ndani ya boti, maana potwe hula juu ya maji, kinywa wazi, na mgongo wake wenye madoa meupe yaliyopangwa kati ya mistari hupita karibu kiasi cha kuhesabika. (Upande wa Kenya humwita papa shilingi, eti Mungu alimwagia shilingi mgongoni.) Hata hivyo, mfundisheni kuelea na kupumua kwa mrija kabla ya safari, na majini asivue jaketi la kujiokolea. Kuhusu nahodha, zungumza naye ufukweni kabla ya kutoa fedha: muulize atazima injini umbali gani, wageni wangapi wataingia majini kwa pamoja, na atafanya nini samaki akizama. Anayejibu kwamba atamzuia kwa mbele ili mpige picha, mwache. Potwe haguswi, wala hapigwi picha kwa taa.

Mtumishi, Kibiti
Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Juni hadi Septemba ndipo vifaranga vya kasa huanguliwa kwa wingi Kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, na wanakijiji wanaolinda viota hujua takribani siku ya kuanguliwa. Nimeona kifaranga kinachoenea kiganjani kikijikokota mchangani, wimbi likikirudisha mara mbili kabla ya kukichukua. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, hilo halina hatari yoyote. Ila kama kilio chake ni potwe, Desemba haina mbadala.

Mleta uzi
Ahsanteni sana. Tutakwenda Desemba, na kasa wa Juani tutawawekea akiba nyingine. Je, fukwe zikoje, na tuvaeje?

Mzaliwa wa Kilindoni
Utende kuna mikoko mingi, kwa hiyo msitarajie ufukwe mrefu wa mchanga. Kwa kuogelea ombeni mpelekwe fungu la Mange, linalojitokeza maji yanapokupwa. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, na mjini na vijijini binti ajifunge kanga, kwa kuwa watu wetu ni Waislamu na wanalithamini hilo. Mwambie pia abebe daftari na penseli. Madoa yaliyo nyuma ya matamvua, ubavuni, hayafanani kati ya potwe mmoja na mwingine, na watafiti huwatambua kwa hayo. Akiyachora ya ubavu wa kushoto, atakuwa na wake wa kumtafuta safari ijayo.