Mjadala: Vituo vya kuchajia magari ya umeme barabara ya Arusha–Dar, nani avijenge?

Wadau, kila gari la umeme linapoonekana hapa Arusha maneno huwa yale yale na huishia palepale. Naomba safari hii tujadiliane mpaka tufike mahali. Swali ni hili: fedha za umma zitumike kuweka sehemu za kuchajia magari kwenye barabara kuu ya kwenda Dar, au mwenye gari la umeme ajitegemee kama alivyojitegemea kulinunua? Wapo wanaosema serikali isubiri kwanza magari yawe mengi. Wapo wanaosema vituo vikiwepo magari yatakuja yenyewe.

Mimi ni mkazi wa Njiro. Nimenunua gari la umeme hivi karibuni, lililotumika Japani, na nimeshakwenda nalo Dar na kurudi. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kuupinga ajue anapinga nini: serikali isinunue hata mashine moja ya kuchajia. Ifanye yale ambayo mtu binafsi hawezi. Ilete transfoma, iweke bei inayojulikana, na itamke wazi kwamba mwenye sheli au hoteli anaweza kumuuzia umeme mwenye gari linalopita. Na ianze na sehemu tatu tu: Same, Korogwe na Chalinze.

Tuanze na njia yenyewe, maana wengi wanaobishana hawajaipigia hesabu. Gari langu ni dogo, na betri yake ilipokuwa mpya ilibeba uniti 40, uniti hizihizi za umeme tunazonunua za Luku, mita ya kulipia kabla. Sasa imepungua kiasi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula kama uniti 16 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo kilomita 200 nazipata, zaidi ya hapo ni kubahatisha. Arusha hadi Same ni kilomita 185 hivi. Same hadi Korogwe ni kama 170. Korogwe hadi Chalinze ni 190 hivi, na ukishafika Chalinze, Dar imebaki kilomita 100 na ushei. Umeme ukiwepo sehemu hizo tatu, hata gari la betri ndogo linafika.

Na msinitishe kwa habari ya mwendo. Barabara yetu ina vibao vya 50 kila penye makazi, na askari wenye tochi za kupima mwendo wanakungojea mbele. Gari la umeme linapenda mwendo huohuo, kwa sababu kinachomaliza betri ni upepo unaousukuma kwa mbele, na ukikimbia sana upepo huo unakula uniti bila huruma.

Kinachotaka akili ni mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Dar iko ufukweni. Unaposhuka, kila ukiachia pedali gari linarudisha umeme kwenye betri, na ukitoka Same kuelekea Mombo unaona asilimia zinapungua polepole kuliko ulivyotegemea. Kazi iko kwenye kurudi. Kulipandisha gari la kilo 1,600 mita zote hizo kunataka uniti 6 juu ya zile za kawaida, karibu kilomita 40 za safari zimekwenda hivihivi. Anayepanga vituo kwa kuangalia safari ya kwenda peke yake atawaacha watu Usa River, mji umeshaonekana.

Sasa hali ilivyo leo. Nilipofika Same niliomba soketi kwenye gesti moja. Mhudumu akasita, na alikuwa na haki ya kusita: mita ni ya bosi wake, na yeye ndiye atakayeulizwa uniti zimekwenda wapi. Tukaenda pamoja kwenye mita, akabonyeza, tukasoma uniti zilizobaki, akaziandika kwenye daftari la wageni mbele ya jina langu. Waya ukapitishwa dirishani. Soketi ya ukutani inatoa kama kilowati 2.5 bila kuhatarisha kitu, kwa hiyo uniti 30 zinataka saa 12. Kila nilipoamka nilikwenda kuigusa plagi kwa mgongo wa mkono kuona kama imeshika moto. Asubuhi tukasoma mita tena, nikalipa tofauti, nikamwongezea ya chai, tukaagana vizuri.

Yule dada alinisaidia kwa utu wake tu. Hakuna utaratibu wowote uliomlinda yeye wala mimi. Mbele ya safari pengine nilikataliwa kabisa, na pengine nilitajiwa bei inayozidi ya chumba. Kila mmoja anakisia. Kwa soketi za ukutani, basi lililoondoka Arusha alfajiri linafika Dar siku hiyohiyo, wakati mwenye gari la umeme analala njiani na bado hajafika Chalinze. Mashine ya kilowati 50 inaziweka uniti hizo 30 kwa dakika kama 45, muda wa kula na kupumzika Korogwe, na mabasi yetu yameshatuzoesha kusimama pale.

Kwa nini basi nasema serikali isinunue mashine? Kwa sababu biashara ipo. Uniti moja kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shirika letu la umeme, kodi zikiwemo, ni kama shilingi 356. Arusha hadi Dar inakula uniti 105 hivi, haifiki shilingi 40,000. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita linataka lita 54, na ukiiweka lita kwenye shilingi 3,000 hiyo ni zaidi ya 160,000. Mwenye sheli akiniuzia uniti kwa 700, karibu mara mbili ya bei aliyonunulia, nalipa 75,000 kwa safari nzima na ninashukuru. Faida iko wazi. Kinachomzuia ni kwamba laini ya umeme iliyofika kwake haiwezi kubeba kilowati 50, na hajui kesho atatozwa bei ipi.

Majirani wameshaamua. Kenya ilitenga bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri mwaka 2023. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Sisemi tufike huko kwa Ethiopia. Ila Namanga, mpakani na Kenya, iko kilomita 110 tu kutoka hapa, na aliyenunua gari la umeme Arusha leo anaona raha zaidi kwenda Nairobi kuliko kwenda makao makuu ya biashara ya nchi yake. Hilo linaniuma.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Himo:
Dada, hongera kwa gari, lakini mimi bado. Nina mashine ya kusaga, na jioni umeme unakuwa mdogo mpaka mota inanguruma bila kuzunguka. Tumeomba transfoma hapa mtaani tukachoka. Halafu wewe unataka iletwe transfoma Same kwa ajili ya magari unayoweza kuyahesabu kwa vidole? Kodi yangu imnunulie umeme mtu mwenye uwezo wa kuagiza gari Japani? Wananchi kwanza.

Mleta mada:
Kaka, hoja yako ni nzito kuliko zote nilizowahi kuzisikia upande huo. Tatizo la mota yako ni transfoma iliyozidiwa, na hata mimi ningekataa kituo kichomekwe kwenye transfoma yenu. Ndiyo maana naomba transfoma ya peke yake, na gharama yake irudishwe kidogokidogo kutoka kwenye uniti zitakazouzwa pale, hata kama itachukua miaka. Bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, imewekwa kwa wanaotumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi. Mwenye gari la umeme anazimaliza hizo kwa safari mbili za Same, kwa hiyo analipa bei kamili na kusaidia kuibeba ile nafuu ya mnyonge. Lakini nakubaliana nawe kwenye mpangilio wa foleni: palipo na maombi ya transfoma ya mashine za kusaga na visima, hayo yatangulie.

Mchangiaji, dereva wa Noah, Moshi:
Mimi sina shida na transfoma. Shida yangu ni barabara. Kila lita ninayoweka ina tozo ya barabara, na mwaka 2023 tuliongezewa shilingi 100 nyingine kwa lita. Natoka Moshi hadi Arusha kila siku, mnajua nachangia kiasi gani kwa mwaka? Gari la umeme linapita lami ileile, lina betri nzito, na halichangii hata senti. Mnasifia safari ya 40,000, lakini sehemu ya unafuu huo tunailipa sisi.

Mleta mada:
Ni kweli tupu, na wenye magari ya umeme tuache kujifanya hatuioni. Napendekeza tozo ya barabara iingizwe kwenye uniti za vituo vya njiani tangu siku ya kwanza, isisubiri magari yawe mengi, maana watu wakishazoea bure watapiga kelele. Mita ya kituo ni ya peke yake, kwa hiyo kuikata tozo ni rahisi. Wa kuchaji nyumbani ndio wagumu kuwapata. Kwao naona ada ya mwaka kwa mujibu wa uzito wa gari.

Mchangiaji, fundi umeme, Moshi:
Naongea kama fundi. Mosi, mashine moja ya kilowati 50 na soketi mbili za kilowati 7 zinaingia kwenye transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), ni transfoma ya kawaida tu unayoiona kwenye nguzo. Msitishane. Pili, plagi. Magari ya Japani kama Nissan Leaf yanatumia plagi ya CHAdeMO, ya Ulaya CCS2, na ya Kichina yaliyotengenezwa kwa soko la kwao yana GB/T. Ukiweka mashine ya aina moja umewafungia nje wengine wote. Soketi za kilowati 7 ndizo za uhakika, kila mtu anakuja na waya wake. Tatu, Leaf haina mfumo wa kuipoza betri. Ukiichaji kwa kasi Same saa nane mchana, ukaichaji tena Korogwe, betri inapata joto na gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji. Zile dakika 45 zako za Korogwe zinaweza kuwa saa moja na nusu. Nne, dada, hiyo ya waya dirishani usirudie bila kupima kama gesti ina earthing, waya wa usalama unaoupeleka umeme ardhini. Nimeshaona soketi zilizoyeyuka.

Mleta mada:
Fundi, asante. Hiyo ya joto niliiona njiani, nikawa nasubiri jua lishuke ndipo nichaji. Nakubali: soketi za kilowati 7 ziwe lazima, mashine ya kasi awe nayo anayeweza.

Mchangiaji, mzaliwa wa Marangu, yuko Dar:
Mnajadili kama vile kila siku ni Jumanne ya mwezi wa tatu. Semeni habari ya Desemba. Wachaga tunapopanda kwenda nyumbani Kilimanjaro kwa sikukuu, Korogwe sheli zenyewe zina foleni, na kujaza mafuta ni dakika tano. Weka magari ishirini ya umeme, kila moja dakika 45, mashine moja. Watoto wamelala kwenye kiti cha nyuma, mama analalamika. Na huku kaskazini umeme wenyewe mgumu. Machi 2025 Rais alisema akiwa Kilimanjaro kwamba tutanunua wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa hii, kwa sababu ule wa kusini unapotea mwingi njiani. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini liko mbali na Same.

Mleta mada:
Shikamoo mzee wangu. Kuhusu umeme, magari ishirini kwenye mashine za kilowati 50 zote kwa mpigo ni megawati moja. Hale, jirani kabisa na Segera, pana mitambo ya megawati 21, na Nyumba ya Mungu pana ya megawati 8, na barabara yetu inapita kati ya sehemu hizo mbili. Mzigo wa magari haya ni mdogo, na ukiwekwa bei nafuu kuanzia saa nne usiku wengi watasafiri usiku au watachaji wakiwa wamelala.

Ya Desemba ndiyo imenikamata. Sina jibu kamili. Kituo cha kutosheleza wiki ile moja kitakaa bila kazi miezi kumi na moja, na hakuna mfanyabiashara atakayekijenga. Nafikiri mambo mawili yangepunguza makali: mtu aweke nafasi kwa simu na kulipia kabla, na aliyemaliza kuchaji akaacha gari limeziba mashine atozwe kwa dakika. Bado foleni itakuwepo, na mwenye watoto wadogo mwezi ule ningemshauri apande na gari la petroli.

Fundi, nakuomba uandike hapa gharama ya transfoma ya kVA 100 na kuivutia laini mita 200. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya umeme, huita wadau kutoa maoni TANESCO inapoomba kubadilisha bei. Safari ijayo wakiita, nataka tuingie na karatasi moja: bei ya uniti ya vituo vya njiani, tozo ya barabara ikiwa ndani yake, na soketi za kilowati 7 kuwa sharti. Ndugu yangu wa Himo, ile ya foleni ya transfoma kuanza na mashine za kusaga iandike wewe kwa maneno yako, nayo itakaa juu kabisa.