Gumzo la ploti: mvua ya nani hii?

Baba Shiru: Majirani, sherehe ya Shiru ya kumaliza chuo ni Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba. Tunapikia nje. Mnaonaje mawingu?

Mama Kevo: Vuli kufikia hapo huwa imeanza kuchoka.

Kevo: Vuli sawa. Lakini Mvua ya Mama je? 😂

Jirani 3B: Hiyo ni gani tena? Mimi mgeni hapa Umoja, Nairobi.

Kevo: Hungoja mama aanike blanketi zote huko juu, afunge mlango, apande matatu ya tao. Ndipo inashuka.

Mama Kevo: We mtoto, leo utakula kwa nani?

Achi: Na Rasharasha ya Makanga! Matone manne kwenye kioo, nauli ishatoka hamsini ikawa mia. Ukifika Donholm lami ni kavu, na mia yako hairudi.

Jirani 3B: 🤣🤣 Na baridi ya Julai?

Baba Shiru: Kipupwe cha Chama. Wanachama wote wa kikundi chetu cha kuchanga ghafla wanaumwa koo, mchango unatumwa kwa M-Pesa, chai ya mwenyeji inabaki.

Mama Kevo: Haibaki. Unaimaliza wewe.

Achi: Jameni, vimbunga vya Bahari ya Hindi hupewa majina na wataalamu, kama Hidaya ya Mei 2024. Huku kwetu bara, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, havifiki. Tusipobatiza wenyewe nani atatubatizia?

Mzee 1A: Batizeni. Ila ile ya Aprili 2024 iacheni. Kule Mathare ilibeba nyumba na watu.

Baba Shiru: Kweli, Mzee. Hiyo hatuigusi.

Kevo: Na El Niño ya 1997, Mzee?

Mzee 1A: Hiyo ilikuja na jina lake, lakini kwangu ni Mvua ya Mahari. Tulipeleka mbuzi Murang'a, barabara ikakatika, tukalala kwa wakwe siku kadhaa. Tukalishwa nyama. Siku ya kuhesabu mahari, mbuzi hawatoshi. Nikadaiwa upya!

Achi: Mzeeee 😭😂

Mama Kevo: Yaani ulikula mahari yako mwenyewe!

Mzee 1A: Na supu.

Jirani 3B: Sasa hii ya tarehe 12 tutaiitaje?

Baba Shiru: Itategemea hema. Lile la bluu lina matundu.

Mama Kevo: Kodi lingine, tutachanga.

Baba Shiru: Asanteni. Tumeni kwa namba yangu, si ya Shiru. Ya Shiru ina deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa ikiingia tu inamezwa.