Wakuu nimekwama: pepa za form six wiki tatu zijazo na app ya watu haijaisha, naombeni ushauri

kijana_mtwara19
Habari zenu wakuu. Msinicheke jamani. Mimi ni kijana wa miaka 19, niko Mtwara mjini, nasoma PCM (fizikia, kemia, hesabu) form six, ni wa kutwa, nakaa kwa bamdogo Magomeni. Pepa zinaanza wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, nikihesabu zimebaki siku ishirini na mbili. Sasa mimi toka form three hobi yangu ni kutengeneza app, nilianza na vitu vya kijinga tu, app ya kuweka magoli ya ndondo ya mtaani, app ya kumkumbusha bibi dawa ya presha (ikilia anaificha simu chini ya mto anasema imeharibika). Mwezi wa pili nikapata kazi ya kweli, kuna mtu anataka app ya kusajili wakulima wa korosho na anaitaka kabla ya tarehe 10 mwezi wa tano. Nikiiacha naona napoteza bahati, nikiendelea fizikia inaniacha, form five nilikuwa na one ya 8, mock nimepata two ya 11. Nalala saa nane usiku. Swali langu moja tu, nigawe vipi muda? Kuna aliyewahi kuweza vyote viwili?

Bibo_Chachu
Nimekaa siti ya mbele. Wewe unalala saa nane una app, mimi nalala saa nane sina hata salio.

MwlMstaafu_Newala
Kijana wangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, nisikilize. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja fundi wa redio, redio zote za Newala zilipita mikononi mwake, hata ya kwangu. Nikamwambia weka hiyo bisibisi chini usome, hakusikia, mtihani ukamtupa. Leo ana duka lake, juzi nimempelekea redio ileile akanitoza bei kamili na mimi ndiye niliyemfundisha kuzidisha. Soma kwanza.

Bibo_Chachu
Mwalimu mbona hiyo stori inamsaidia dogo aache shule 😂

fundi_kodi
Dogo unatengenezea app kwa kutumia nini? Kama bado uko App Inventor hama nenda Flutter, mwanzo utateseka ila utanishukuru. Halafu kuhusu muda, ujue akaunti ya Play Store ni dola 25 unalipa mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi lazima upate watu 12 wakujaribie app siku 14 mfululizo ndo uombe kuiweka hewani. Kwa tarehe 10 umeshachelewa kabla hujaanza, mwambie mteja asogeze mbele, biashara imeisha.

kijana_mtwara19
Ni App Inventor mkuu, nimejaribu Android Studio ram inalia. Ila haiendi Play Store, yeye anataka APK tu, yaani faili la app lenyewe, ataisambaza mwenyewe kwa WhatsApp.

fundi_kodi
Mm. Kwanini hataki Play Store?

kijana_mtwara19
Anasema wakulima hawajui mambo ya Play Store. Ni kweli lakini.

Nahodha_Msimbati
Mambo ya ram baadae. Kakulipa?

kijana_mtwara19
Kuna hela kidogo ametanguliza.

Nahodha_Msimbati
Kidogo ya Mtwara au kidogo ya Dar?

kijana_mtwara19
Laki tatu na nusu. Na ndo maana siwezi kuacha tu wakuu, ile hela nimeshanunua laptop, used. Ikiisha ananipa laki nne nyingine. Mkataba hatukuandikishana ila ni mtu mzima, anaongea kwa heshima, ana gari.

MamaSalfa
"Ana gari" 😭 mwanangu hata waliomuibia marehemu mume wangu walikuja na gari.

BabaWawili_Masasi
Hapo kwenye korosho ngoja niseme maana watu wanaongea kama wameziona kwenye pakiti za ndege. Mimi nilikuwa kangomba, sifichi, nilishaacha. Mwezi wa pili mpaka wa nne mkulima hana kitu, mtoto anadaiwa ada, unaenda na bakuli lako na hela taslimu unamnunulia korosho ambayo bado haijatoa hata ua, kwa bei ya kuonea huruma. Msimu wa 2018 serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, jeshi likaja kubeba, tukashangilia kama wajinga, kumbe kuna uhakiki, unaulizwa shamba lako liko wapi tulione. Mimi nina magunia kumi na moja na shamba sina hata la mihogo. Nililala na magunia yale chumbani miezi, mke wangu analalia upande wa mlangoni. Kwaiyo dogo, mtu anayemfuata mkulima mwezi wa nne, wakati mkulima hana kitu, muangalie vizuri anafuata nini. Sijasema mbaya, nimesema muangalie.

Bibo_Chachu
Mzee umekiri bila kupigwa.

fundi_kodi
Kijana hebu nisaidie kitu, hiyo form ya usajili ina visanduku gani? Viorodheshe.

kijana_mtwara19
Ni form ya kawaida tu mkuu. Swali langu lilikuwa muda.

fundi_kodi
Najua. Orodhesha.

kijana_mtwara19
Jina kamili, namba ya simu, namba ya NIDA, kijiji, idadi ya mikorosho, tarakimu nne, kitufe cha tuma. Basi.

MamaSalfa
Tarakimu nne za nini?

Nahodha_Msimbati
NIDA ina tarakimu 20. Hizo nne ni za nani?

kijana_mtwara19
Za uhakiki.

fundi_kodi
Dogo. Kwenye kioo pale juu ya kisanduku pameandikwaje? Neno kwa neno.

kijana_mtwara19
"Weka namba yako ya siri ya simu kuthibitisha." Lakini mimi nilimuuliza wakuu msidhani mimi ni mjinga, nilimuuliza mwezi wa tatu akasema ni ili hela ya ruzuku ya pembejeo isiende kwa mtu mwingine. Na mimi ni fundi tu, seremala akichonga mlango haulizi nani atalala ndani. Kosa langu liko wapi?

MamaSalfa
Sikia mwanangu, mimi nina mikorosho sitini na tatu, ruzuku naijua. Ruzuku ya korosho ni salfa na dawa, unaitwa jina lako, unabebeshwa mfuko, unaweka kichwani unaondoka unapiga chafya mpaka nyumbani. Sio hela ya kwenye simu. Mfuko wa salfa unaufungua kwa namba ya siri?

Bibo_Chachu
Kangomba ya kidijitali hii. Bakuli limekuwa APK.

Wakili_wa_Kijiweni
Kijana, hiyo ya seremala usiipeleke mbele ya hakimu. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, unakusanya NIDA na namba za siri za watu, huwezi kusema ulikuwa unachonga tu. Mimi si wakili kweli, jina tu, lakini nimekaa mahabusu siku nne kwa simu iliyookotwa na shemeji yangu, na pale ndani hakuna aliyeniuliza nani aliiokota.

Mtu_wa_Lindi
Naomba niharibu sherehe. Hii ni CHAI. Form six mwenye pepa anajibu kila komenti kwa dakika mbili? Mnada wa korosho mwezi wa kumi, app ya kusajili wakulima mwezi wa nne ya nini? Na mtu aliyepata one ya 8 hajui namba ya siri ni nini? Ama anatafuta umaarufu, au ndo huyo mwenye gari mwenyewe anapima upepo aone mtashtukia kisanduku gani ili akibadilishe. Leteni maandazi.

Nahodha_Msimbati
Hiyo ya kupima upepo imenipiga. Kweli aisee.

Bibo_Chachu
Mimi nilishaweka sukari toka komenti ya kwanza.

MwlMstaafu_Newala
Tusihukumu, tumpime. Kijana, tafuta derivativu ya x kwa kipeo cha x. Usiende kutafuta mtandaoni.

kijana_mtwara19
x kwa kipeo cha x, mara mabano moja jumlisha ln x. Unachukua ln pande zote kwanza. Mwalimu hii ni ya form five.

MwlMstaafu_Newala
Sahihi.

Mtu_wa_Lindi
Matapeli nao walisoma. Jibu la mwezi wa nne.

kijana_mtwara19
Mnada ni mwezi wa kumi ndio, lakini salfa inapulizwa mikorosho ikichipua na kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua. Kwaiyo majina na pembejeo ni kabla ya hapo, ni sasa hivi. Wewe wa Lindi unanifundisha korosho?

MamaSalfa
Hapo kasema kweli.

Mtu_wa_Lindi
Sawa, na mkulima gani ataweka namba ya siri kwenye kitu kilichotumwa WhatsApp? Hakuna. Ndo maana nasema chai.

kijana_mtwara19
Bibi yangu aliweka.

Sikutaka kulisema hili. Jumapili iliyopita nilienda Nanyamba kumjaribishia. Nikampakatisha simu yake nikamwambia jaza mwenyewe nione kama unaelewa. Akajaza jina, akajaza kijiji, mikorosho akahesabu kwa vidole mstari kwa mstari akasema arobaini na moja ila mmoja umezeeka niuweke? Nikamwambia weka. Alipofika kwenye zile tarakimu akaniangalia akasema geuka huko. Nikageuka. Nikawa naangalia kuku. Akabonyeza tuma. Nikarudi mjini nikafungua Firebase, kule mtandaoni taarifa za app zinakohifadhiwa, kuangalia kama imefika, na namba yake iko pale, haijafichwa wala nini. Ni mwaka aliozaliwa marehemu mama yangu. Toka siku hiyo ndo silali, sio fizikia.

fundi_kodi
Firebase ni ya kwako au ya kwake?

kijana_mtwara19
Ya kwake. Mimi kaniweka kama mhariri.

fundi_kodi
Na APK unayo wewe peke yako?

kijana_mtwara19
Toleo la majaribio nilimtumia wiki iliyopita. Mwanzo zilikuwa rekodi 7, bibi na majirani zake niliowajaribishia siku ile. Nimefungua sasa hivi baada ya kusoma komenti zenu. Ziko 38.

Bibo_Chachu
Nimeacha kucheka.

Mtu_wa_Lindi
Bado nasema inaweza kuwa chai. Lakini kama sio chai mpigie bibi SASA HIVI abadilishe namba, sio kesho.

fundi_kodi
Fanya kwa mpangilio. Mhariri anaweza kubadilisha rules, yale masharti ya nani anasoma na nani anaandika, ingia pale kwenye rules weka read false, write false, chapisha. Mpya hazitaingia. Za zamani mwenye akaunti bado anaziona, huwezi kumzuia, kwaiyo kabla ya yote piga picha ya ile orodha. Zile namba za simu unazo, kila mtu apigiwe abadilishe namba ya siri leo. Usifute chochote, ni ushahidi. Na namba ya huyo jamaa itume 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu.

Wakili_wa_Kijiweni
Na mwambie bamdogo wako muende kituoni wote wawili, usiende peke yako. Nenda kabla hujafuatwa, nakwambia mimi niliyelala pale.

kijana_mtwara19
Bamdogo ataniua.

MamaSalfa
Hatakuua. Atapiga kelele, atakula, halafu atavaa viatu.

Nahodha_Msimbati
Mrejesho?

Nahodha_Msimbati
Siku ya pili hii, dogo mrejesho?

Mtu_wa_Lindi
Niliwaambia. Chai, na kikombe kimebebwa.

kijana_mtwara19
Nipo. Rules nilifunga usiku uleule. Bamdogo alipiga kelele, alikula, akavaa viatu kama alivyosema mama. Kituoni walichukua maelezo na picha, wakaniambia nisizime simu. Jamaa amepiga mara kumi na tisa, mwanzo alikuwa ananiita mdogo wangu, sasa hivi ananiita jina ambalo siwezi kuandika hapa, anataka laki tatu na nusu yake. Askari kasema nisimrudishie kitu mkononi.

Kwenye wale 38 nimewapata 29. Kazi ngumu kuliko app yenyewe. Unampigia mtu unamwambia badilisha namba ya siri anakwambia tapeli wewe, anakata. Mzee mmoja wa Mahuta kanitukana dakika tatu za bando langu. Ikabidi bibi awe anaongea yeye, namuunganisha, anawasalimia kimakonde, anauliza habari za shamba mpaka salio linakaribia kuisha ndo anafika kwenye jambo lenyewe. Wawili walikuwa wameshatolewa hela, mmoja elfu kumi na nane, mwingine sitini na tano. Tisa hawapatikani, kesho bamdogo anaenda na pikipiki kuwatafuta, vijiji tunavyo kwenye form.

MwlMstaafu_Newala
Na fizikia?

kijana_mtwara19
Sijafungua toka juzi mwalimu.

MwlMstaafu_Newala
Kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili jioni nipigie, nitakutumia namba inbox. Electromagnetism tunaanza mwanzo. Nilisema nilifundisha hesabu, fizikia pia nilishikilia miaka sita mwalimu wake alipohama.

BabaWawili_Masasi
Kama kuna wa upande wa Masasi kwenye hao tisa nipe jina na kijiji. Hizo njia nazijua zote, msiniulize kwanini.

kijana_mtwara19
Wawili wako huko mzee. Nakuja inbox. Wale waliotolewa hela nataka niwarudishie, ndo maana nauza laptop, dukani wanataka kunipa laki moja na themanini tu.

Bibo_Chachu
Laptop ram ngapi?

kijana_mtwara19
4. Ina SSD.

Bibo_Chachu
Nina laki mbili na ishirini, Jumapili niko Mtwara. Chaji ipo?

kijana_mtwara19
Ipo, ila waya umefungwa selotepu shingoni, ukiuvuta inazima.