Wauza samaki wa mapambo Dar, huo mtambo wenu wa milioni tatu na nusu umeme ukikatika unafanya nini?

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimekuja na hasira, mtanivumilia. Kuna mchezo umeota mizizi kwenye maduka ya samaki wa mapambo hapa Dar. Ukienda kulalamika kwamba samaki wamekufa, hujamaliza hata kueleza maji yalikuwaje, muuzaji keshatoa simu anakuonyesha picha ya kontrola: kisanduku chenye sensa za kutumbukiza majini na soketi nane ubavuni, kinawasha na kuzima pampu, taa na hita chenyewe, na wewe unaangalia kila kitu kwenye simu ukiwa kazini. "Bosi wangu, ungekuwa na hii wasingekufa." Bei milioni tatu na nusu, na nusu yake utangulize ndipo mzigo uagizwe.

Eti nusu utangulize. Waranti? Anacheka. "Hizi ni za Marekani bosi, haziharibiki."

Nisieleweke vibaya, kifaa chenyewe si utapeli. Wamarekani wana Apex ya Neptune Systems, Wajerumani wana ProfiLux ya GHL, na watu wamefugia samaki na matumbawe kwa vifaa hivyo miaka mingi. Ninachokataa ni kubebeshwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Mimi nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, Frontosa na Tropheus, tangi la lita 400, niko Tabata. Umeme ulikatika usiku ukarudi mchana wa siku ya pili. Uliporudi pampu ikaanza kuzunguka, nikashukuru. Kesho yake samaki wote wako juu wanahema kwa kasi, na jioni nikaanza kuwatoa mmoja mmoja. Hayo ndiyo niliyomweleza muuzaji, neno kwa neno. Jibu lake likawa ile picha kwenye simu.

Sasa tuangalie nini kiliua, maana hapa ndipo uongo unapojulikana. Filta yangu ni ya kopo, yaani chombo kilichofungwa ambacho pampu inapitisha maji ya tangi ndani yake yasafishwe. Ndani yake wanaishi bakteria wanaobadilisha ammonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, kisha nitrati, na wale wanahitaji oksijeni muda wote. Pampu ikisimama, maji yaliyobaki ndani ya kopo hayapati hewa. Baada ya saa kadhaa oksijeni imekwisha, bakteria wanaacha kazi na wengine wanaanza kufa, uchafu unaanza kuoza. Umeme ukirudi, pampu inasukuma ule uozo wote kwenye tangi. Halafu bakteria wa kusafisha ndio hao hawako kazini.

Kwa samaki wa Tanganyika balaa linazidi. Maji ya ziwa lile pH yake (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, juu yake asidi inapungua) ni 8.6 mpaka 9 na kitu, na sisi tunayaiga kwa kuweka mawe ya chokaa na chumvi zake. Ammonia ndani ya maji iko kwa sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na makali hayo. Kwenye pH 7 ile yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 9, kwa joto la kawaida la tangi, inapita theluthi moja. Kwa hiyo ammonia ambayo samaki wa jirani yangu mwenye maji ya pH 7 wangeivumilia siku nzima, Tropheus wangu inawamaliza kabla ya swala ya magharibi.

Nikamuuliza muuzaji swali moja: mtambo wako unapima ammonia? Kimya. Akapiga simu kwa mtu. Akarudi: "Unapima pH, joto, na vingine vyote." Vingine vyote ndiyo nini? Kwa ninavyovijua, vifaa hivi kwa kawaida vinakuja na sensa ya joto, ya pH, ya ORP (nguvu ya maji kuunguza uchafu) na ya chumvi. Ammonia haimo. Kuna kifaa cha Uingereza, Seneye, ambacho kinaipima, lakini kinatumia kadi inayobadilishwa kila baada ya siku 30. Hizo kadi hapa Dar anauza nani? Na mwezi zikikosekana?

Tuje kwenye umeme wenyewe. Kile kisanduku kinakula umeme wa ukutani. Ukikatika kinazima na kila kilichochomekwa kwake kinazima. Ukitaka kibaki hai unakiwekea betri, ruta nayo uiwekee betri, na baada ya gharama hizo zote utakachopata ni ujumbe kwamba pampu haina umeme. Ahsante, hilo nililijua feni ya chumbani iliposimama. Watasema seva yao ikikosa mawasiliano na mtambo wako inakutumia tahadhari. Kweli, lakini bando la ruta likiisha nayo inakosa mawasiliano. Mtandao ukiyumba, vilevile. Wiki ya kwanza utatoka ofisini mbio, uning'inie kwenye foleni ya barabara ya Mandela, ufike ukute samaki wanakula na mama watoto anakushangaa. Wiki ya pili umezima tahadhari. Tuliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 tunaweza kukisia hizo tahadhari zingekuwa ngapi kwa siku.

Halafu kilichonipandisha presha kabisa. Nikaomba kuiona moja, wakasema ipo ya maonyesho. Ikaletwa. Nikageuza kile kisanduku cha soketi nikasoma nyuma: volti 120, hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Plagi za Kimarekani, pini mbili bapa. Wakuu, umeme wetu ni volti 230, hezi 50! Pampu yangu, hita yangu, taa yangu, vyote ni vya 230. Nikamwonyesha. Unajua alijibu nini? "Weka transfoma."

Transfoma inashusha volti, hezi haigusi. Nikishusha umeme mpaka 120, vifaa vyangu vyote vya 230 havifanyi kazi kwenye ile soketi, inabidi ninunue upya vya Kimarekani. Na pampu ya Kimarekani inayokula umeme wa ukutani moja kwa moja, iliyotengenezwa kwa hezi 60, ukiilisha hezi 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na inapata joto zaidi. Kwa hiyo milioni tatu na nusu, juu yake transfoma, juu yake pampu mpya, hita mpya, taa mpya, ili mwisho wa siku maji yazunguke polepole kuliko yanavyozunguka leo. Mitambo ya Ulaya angalau ni ya volti 230, ingawa soketi zake ni za pini mbili za duara, hivyo utatafuta adapta au fundi. Lakini yeye hana ya Ulaya. Ana ya Marekani maana ndiyo alikoipata kwa bei nafuu.

Na ile sensa ya pH ya maonyesho ilikuwa imekaa kwenye kabati la kioo, mkavu, bila kofia yake. Anayejua atanielewa. Ile ncha ni ya kioo maalumu, inatakiwa ikae kwenye maji yake ya kuhifadhia muda wote. Ikikauka inaanza kusoma vitu vya ajabu, na mara nyingi ndiyo imekufa. Hata ikitunzwa vizuri, sensa ya pH ni ya mwaka mmoja, miwili, unatupa unanunua nyingine, na katikati yake unairekebisha mara kwa mara kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 10. Nikaulizia hayo maji. Hawana. Wanauza mtambo wa kupima pH na hawana maji ya kuurekebishia! Huyo ndiye anataka nimtangulizie milioni na laki saba na nusu.

Kuhusu joto nitasema kidogo tu. Kazi kubwa ya vifaa hivi huko baridi ni kulinda hita. Hita inafanya kazi msimu mzima, swichi yake ya ndani inaganda, haizimi, samaki wanachemka. Kontrola inakata umeme. Huo ni ulinzi wa maana kwa mtu wa Hamburg. Mimi niko Dar. Januari hita yangu iko kabatini na maji yanapita nyuzi 30 bila kusaidiwa na mtu. Maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni miligramu 8 na kitu kwa lita; ya nyuzi 30 ni 7 na nusu hivi. Shida yangu ni kupoza. Kontrola haipozi kitu, inawasha tu kitu kinachopoza, ambacho nacho hakimo kwenye ile bei.

Kinachouma zaidi ni kwamba hawa samaki wanavuliwa Kigoma, wanapandishwa ndege kwenda Ujerumani, na sisi tunaoishi nchi moja na ziwa tunaambiwa hatuwezi kuwafuga mpaka tununue soketi ya Kimarekani.

Kwa hiyo sinunui. Nilichokwishaamua ni hiki. Thermostati ile ya STC-1000, swichi inayowasha na kuzima kwa kufuata joto, wafugaji wa kuku wanaijua maana wengi wanaifunga kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Ina relei (swichi za ndani zinazojiwasha zenyewe) mbili, moja ya kupasha na moja ya kupoza. Naifunga kwenye feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya maji, maji yakifika nyuzi 28 ziwake. Kwa unyevu wa Dar sitegemei zishushe zaidi ya nyuzi mbili, zinanitosha. Taa iko kwenye taima ya saa ya kawaida. Ammonia napima kwa matone na kichupa, rangi inasema. Na pesa ya maana inakwenda kwenye betri: pampu ya hewa ya volti 12, wati 5, kwenye betri ya 12V 7Ah kama zile za UPS. Betri hiyo ni Wh (wati-saa) 84. Nikitumia nusu tu ili nisiiue, napata saa nane za hewa. Filta ya sponji inayoendeshwa na hiyo hiyo pampu ya hewa inabaki na bakteria hai hata kama kopo limelala. Na umeme ukirudi baada ya saa nyingi, kopo nalifungua na kulisuuza kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha.

Mwenye hoja alete. Nawasilisha.

NYONGEZA 1: Naona mmoja hapo chini anasema hobi hii si ya wasio na pesa. Mkuu, pesa ninayo, ndiyo maana nilikwenda dukani. Ningekuwa sina nisingekasirika. Umesoma ile ya volti 120 lakini?

NYONGEZA 2: Mkuu mwenye tangi la maji ya chumvi na matumbawe, wewe nakupa haki yako. Matumbawe yanakula kalsiamu na alkalini kila siku, chumvi inatakiwa ibaki karibu gramu 35 kwa kilo ya maji, na maji yanayoruka kwa joto lazima yarudishwe kidogo kidogo. Mtu anayesafiri kikazi hawezi kumwachia dada wa nyumbani hesabu hizo. Kwako mtambo unajilipa, ila nunua wa 230. Na umesema mwenyewe kwamba una inveta ya nyumba nzima. Ungelitaja hilo mwanzo tusingebishana.

NYONGEZA 3: Aliyependekeza reef-pi, nimeisoma. Ni programu ya bure, inakaa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, relei na sensa unaziunganisha mwenyewe. Kwa kijana anayeweza kushika pasi ya kulehemu waya ni njia nzuri kuliko kutangulizia mtu nusu ya bei. Onyo tu kwa wanaoanza: relei za bei rahisi zikibeba pampu kubwa zinaganda zikiwa zimewaka, na waya za 230 juu ya maji si za kujifunzia. Mwite fundi umeme, na muwekeeni ile swichi inayokata umeme ukivuja.

NYONGEZA 4: Muuzaji mmoja amenifuata inbox, hakuwa yule, anasema ana toleo la volti 230 kwa milioni nne na laki mbili. Nimemuuliza mambo matatu: sensa ya pH ya akiba ipo dukani leo? Maji ya kurekebishia yapo? Soketi moja ikiungua nani anatengeneza hapa Dar? Amesoma, alama mbili za bluu zipo, hajajibu. Wakati tunamsubiri, mwenye kujua bei ya kweli ya betri za lithiamu za 12V pale Kariakoo, bei ya dukani na siyo ya Instagram, aiweke hapa, na aseme ni za Ah ngapi.