Acheni kutuuzia sifuri: fosfeti, mwani na ushauri unaoua matumbawe

Wanajamvi wenzangu, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha kwa maneno laini. Kila mfugaji wa matumbawe anayeuliza kwa nini mwani umejaa tangini mwake hupewa jibu lilelile: fosfeti yako, yaani kirutubisho cha mwani kilichomo majini, iko juu, weka chembechembe za oksidi ya chuma ziinase, ishushe mpaka sifuri. Jibu hilo hutolewa kabla mtu hajaulizwa tangi lake lina ukubwa gani, mawe yake aliyapata wapi, analisha nini na kwa kiasi gani, na, baya kuliko yote, kabla hajaulizwa mwani wenyewe ni wa aina gani.

Aliyeniuzia mimi chembechembe hizo alisisitiza kwamba nijaze kichujio mpaka juu, kiasi kilichozidi mara mbili kile kilichoandikwa kwenye kopo lake mwenyewe, akidai kuwa ikizidi haina madhara. Madhara yapo. Fosfeti ilishuka ghafla, ncha za Acropora, matumbawe yangu yenye matawi, zikapauka, kisha nyama ikaanza kubanduka kutoka kwenye shina kwenda juu hadi mfupa mweupe ukabaki wazi, na wakati huohuo mwani wa nyuzinyuzi uliokusudiwa kufa uliendelea kupepea juu ya jiwe la jirani, kijani kibichi, bila wasiwasi wowote. Nilipomrudia, aliniambia kuwa tatizo ni taa zangu.

Tuanze na hiyo sifuri yenyewe. Vipimo tunavyotumia nyumbani hutegemea molibdeti, ambayo ikikutana na fosfeti katika asidi, pamoja na kemikali ya kuikamilisha, hutoa rangi ya buluu, na sisi huishikilia chupa ile kando ya kadi tukijaribu kutofautisha weupe na weupe uliotiwa buluu kidogo sana. Hata vile vifaa vidogo vya kielektroniki vina kosa linaloweza kufika 0.02 mg/L au kuzidi, kwa hiyo anayejigamba kwamba amesoma 0.00 hajui kama ana 0.00 au 0.02. Vingine husoma fosforasi, elementi iliyomo ndani ya fosfeti, badala ya fosfeti yenyewe, kwa sehemu za bilioni, na ni lazima tarakimu izidishwe kwa takriban 3.07 na kugawanywa kwa 1000 ili upate mg/L ndipo ulinganishe na mwenzako. Nimeshuhudia watu wakibishana usiku kucha kumbe kila mmoja anasoma kitu chake. Zaidi ya hayo, kipimo huona fosfeti iliyomo majini tu. Tangi lililofunikwa na mwani linaweza kusoma karibu na sifuri kwa sababu mwani umekwisha kuila fosfeti yote, na muuzaji anayeijua kazi yake alipaswa kulisema hilo kabla ya kugusa rafu ya dawa.

Sasa mawe, kwa maana hapa ndipo ninapoona tunachezewa waziwazi. Mawe na mchanga wa tangi la matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na fosfeti hunata juu yake. Jiwe lililokaa katika maji yenye fosfeti nyingi hubeba akiba kubwa, na ukiishusha iliyomo majini, jiwe huanza kuitoa iliyokuwa imenata mpaka pande mbili zilingane tena. Ndiyo maana unabadilisha asilimia 20 ya maji, unapima mara moja na kufurahi, kisha baada ya siku chache kipimo kinarudi palepale. Ndiyo maana pia chembechembe mpya hushusha fosfeti, halafu inapanda tena, halafu unaambiwa ununue kopo lingine. Hakuna anayekueleza kuwa unasafisha mawe, kwamba kazi hiyo huchukua miezi, na kwamba inapaswa kwenda polepole ili matumbawe yaizoee. Kujua kama chembechembe zimechoka nako hakuhitaji ramli: pima maji yanayotoka kwenye kichujio, yalinganishe na ya tangini, na yakiwa sawa basi zimejaa. Mimi sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote aliyekuwa na kitu cha kuniuzia.

Chakula nacho kinazungumzwa kwa mzaha. Tunaambiwa tuoshe chakula kilichogandishwa, na kuosha si vibaya, ila fosforasi iliyo nyingi imo ndani ya nyama yenyewe, haimo katika yale maji yaliyoyeyuka. Hebu tufanye hesabu ya chakula kikavu chenye asilimia 1 ya fosforasi, kiwango ambacho si cha ajabu hata kidogo. Gramu moja ina miligramu 10 za fosforasi, ambazo ni sawa na miligramu 30 hivi za fosfeti. Katika tangi la lita 300, hiyo ni takriban 0.1 mg/L kutokana na gramu moja tu, na samaki hula kila siku. Sehemu huingia katika miili ya samaki na sehemu huondolewa na skima, kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, lakini inayobaki hujikusanya. Kwa nini basi makopo mengi ya chakula hayaweki kiwango cha fosforasi mahali panaposomeka, ilhali rangi za samaki kwenye picha zimenakshiwa vizuri?

Halafu kuna wale waliofanikiwa kuifikia hiyo sifuri. Fosfeti na naitreti, kirutubisho kingine chenye naitrojeni, zikiisha kabisa, nafasi hiyo huchukuliwa mara nyingi na dainoflajeleti, viumbe vya seli moja: utando wa kahawia wenye kuteleza, uliojaa viputo, unaofunika mchanga mchana na kupungua usiku. Aina nyingine, kama Ostreopsis, zina sumu, na konokono wanaozila hufa. Tiba inayopendekezwa mara nyingi ni kurudisha fosfeti na naitreti majini, na hapo muuzaji yuleyule aliyekupa kopo la kuondoa fosfeti hukutolea chupa ya kuongeza fosfeti bila hata kukohoa.

Sayansi haikuwa imefichwa. Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na Jörg Wiedenmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa matumbawe yenye naitrojeni ya kutosha lakini yaliyonyimwa fosfeti hupauka kwa urahisi zaidi yanapopata joto na mwanga mkali, kwa kuwa vijimwani vinavyoishi ndani yake vinakosa fosforasi. Ni kweli kwamba fosfeti ikizidi sana huzuia ujenzi wa mifupa ya matumbawe, na simtetei mtu anayefuga kwenye maji machafu. Ila kati ya maji machafu na sifuri kuna nafasi pana, na matangi mengi mazuri yanakaa kati ya 0.03 na 0.1 mg/L bila tabu.

Mwani wa nyuzinyuzi uliokwisha kushika jiwe haufi kwa njaa upesi, kwa sababu una akiba yake mwilini na jiwe lililo chini yake linaulisha. Ung'oeni kwa mikono, sugueni kwa mswaki huku mkivuta uchafu kwa mpira, kisha wekeni konokono, shura na samaki wala mwani wamalizie mabaki. Kila tonge la mwani linalotoka limebeba fosfeti ndani yake, na ndiyo sababu Chaetomorpha, mwani unaofugwa kwa makusudi, iliyowekwa katika tangi la pembeni na kuvunwa mara kwa mara hufanya kazi ileile bila kishindo. Utando mwekundu ni sayanobakteria, si mwani, na una mambo yake. Kuhusu kloridi ya lanthani, dawa nyingine ya kuondoa fosfeti, anayeiuza bila kusema kwamba huganda kuwa vumbi jeupe linalopaswa kunaswa na kichujio chembamba kabla ya kuwafikia samaki, anacheza na roho za viumbe wa watu.

Ninachodai ni kidogo. Muuzaji aseme ni gramu ngapi za chembechembe kwa lita ngapi, aanzie robo ya kipimo, na amuulize mteja kiwango alichopima na amekipimaje. Chakula kiandikwe kiwango cha fosforasi. Na anayejibu maswali humu aombe picha ya mwani kabla ya kutaja dawa. Wauzaji mliomo kwenye jukwaa hili nawajua kwa majina yenu ya mtandaoni na mnasoma. Nasubiri majibu, na naomba yawe na tarakimu ndani yake.